Faili la Chumba Kumi na Saba

Mara ya kwanza waliniambia: leta barua.
Nikaleta barua.
Mara ya pili: barua haina muhuri wa wakili.
Mara ya tatu muhuri upo, mwekundu kama kidonda,
lakini mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo,
kaenda Florida kuota jua,
na sisi hapa Duluth theluji imepanda hadi vioo vya magari.
Njoo Jumatatu.

Nimepigwa danadana na watu wapole.
Ndilo linaloudhi, upole wao.
Walinipa kahawa.

"Habari za mkazi ni siri," alisema Bi Verlene wa mapokezi,
"sheria inamlinda."
Inamlinda na mimi?
Mimi ninayemkata kucha za miguu,
ninayejua meno yake ya bandia yamepasuka upande gani?
"Basi atie sahihi mwenyewe,"
na baadaye, polepole, akiangalia kikombe changu:
"kama anaweza."

Tukamleta na kiti chake cha magurudumu.
Arvid Kettunen, miaka thelathini na mmoja juu ya kreni ya gatini,
aliyekuwa akishusha tani za mawe ya chuma tumboni mwa meli
kama mtu anayelaza mtoto,
leo kalamu inamshinda uzito.
Alichukua muda. Alitoa ulimi kama wa darasa la kwanza.
Aliandika: Helmi.
Helmi ni mama. Tulimzika mwaka wa mafuriko.

Bi Verlene aliigeuzia karatasi kwake.
Aliitazama kitambo.
"Sahihi nimeiona," akasema. "Kuisoma si kazi yangu."
Akagonga muhuri.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili, nusu dola kila moja.
Nimemnunua baba kwa dola mia na sita.

Nilisoma ndani ya gari, injini ikinguruma, vioo vikiingia ukungu.
Uzito: kilo themanini na moja. Sabini na nne. Sitini na tisa.
Mgonjwa haulizwi uji, lakini yeye wamemwuliza kila asubuhi
na kila asubuhi wameandika: amekataa.
Mkazi ametulia. Mkazi ametulia. Mkazi ametulia.
Wiki tatu, kalamu moja, mwandiko mmoja,
kana kwamba mtu alikaa jioni moja akautuliza mwezi mzima.
Tarehe kumi na nne Januari: hakuna neno.
Kumi na tano: hakuna neno.
Kumi na sita: "Alama ya samawati, nyonga ya kushoto, chanzo hakijulikani."
Siku ile ya kumi na nne nilipiga simu. Wakasema amelala.

Nikakunja kona ya ukurasa. Huo ni wa wakili.

Kisha, katikati ya karatasi za zamu ya usiku,
herufi ndogo zilizolala ubavu, za mtu aitwaye O. T. tu:
"Saa tisa usiku. Hajalala. Ameuliza meli ngapi zimeingia.
Nimemwambia mbili. Amesema niandike. Naandika: mbili."
Tarehe tisa Februari: "Meli tatu. Moja ndefu sana."
Tarehe kumi: "Nilisema hakuna. Akakasirika. Nikaangalia tena: moja."

Februari bandari imefungwa. Ziwa lote ni barafu,
watu wanaegesha malori juu yake,
wanatoboa mashimo na kuvua samaki.
Hakuna meli.

Nilizima injini. Nikarudi ndani, faili kwapani.
Bi Verlene aliinua macho, akayashusha.
Baba alikuwa dirishani, blanketi magotini,
kidevu hakijanyolewa tangu sijui lini, hilo hawakuliandika.
Nikavuta kiti nikamsomea:
"Usiku wa tarehe tisa, meli tatu."
Alisikiliza hadi mwisho, kama mkaguzi.

"Nne," akasema.
"Moja hawakuiona."